Mjadala: Aliyewekewa kifaa mwilini afuatiliwe na nani?

Ndugu zangu wa Kigoma, hili tulijadili kwa uwazi. Mtoto wa Kakonko au Buhigwe mwenye kichwa kikubwa kwa kujaa maji anapelekwa Muhimbili, anawekewa mpira wa kupitisha maji kutoka kichwani hadi tumboni, anarudi nyumbani. Baada ya hapo nani anamfuatilia?

Wapo wanaosema ni kazi ya mzazi: kadi anayo, tarehe ya kliniki imeandikwa, hospitali haiwezi kukimbizana na watu vijijini. Mimi nakataa. Mpira ule unaweza kuziba baada ya mwezi au baada ya miaka, na hauzibi kwa kufuata tarehe ya kliniki. Mtoto anatapika, analalamika kichwa, analegea na kusinzia ovyo. Kwa malaria iliyoko huku kwetu, nani hataiwaza kwanza? Anapewa dawa mseto, siku zinapita, kumbe ubongo unabanwa. Wala simlaumu mhudumu wa zahanati. Hakuna aliyemwambia kwamba kijijini kwake kuna mtoto mwenye mpira.

Aliyewekewa vali ya moyo ya chuma naye hunywa warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Dozi ikipungua, damu inaweza kuganda kwenye vali. Ikizidi, anavuja damu. Lazima apimwe mara kwa mara, na kumtaka asafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwa treni hadi Dar kila akihitaji kipimo ni sawa na kumwambia aache.

Wanaosema haiwezekani ndio wanaoniumiza zaidi. Kliniki za CTC, zinazotibu wenye VVU, zinawafuatilia wagonjwa wao: mtu akikosa tarehe anapigiwa simu, asipopatikana mhudumu wa jamii anamfuata nyumbani. Kwa VVU tumeweza, kwa nini tushindwe kwa mtoto huyu? Tena daftari la waliowekewa vifaa huokoa wengi. Australia walianza rejista ya viungo bandia mwaka 1999, nayo ikasaidia kubaini kuwa nyonga bandia za aina ya ASR zinaharibika mapema. Mwaka 2010 ziliondolewa sokoni duniani kote.

Napendekeza hospitali iliyoweka kifaa itume taarifa Maweni, hospitali yetu ya rufaa ya mkoa, nayo Maweni iifikishe zahanati ya karibu na mgonjwa, kwa ridhaa yake au ya mzazi. Fedha zikiwa chache, waanze watoto wenye mpira.

Wauguzi na waganga wa Kasulu, Uvinza na Kibondo, taarifa hiyo ikiletwa zahanatini kwenu kesho, mtakwama wapi?