Tupeane uzoefu: wenye bastola kihalali, mnaishije nayo kwenye starehe zenu nyingine?

Mlenga wa Lang'ata
Wakubwa, hamjambo. Mpwa wangu amepata cheti cha kumiliki silaha baada ya mahojiano na kungoja hadi akakata tamaa. Juzi amekuja kunionyesha mkoba wa kiunoni aliokwisha nunua, ngozi safi kabisa, akitaka nimwambie kama unakaa sawa. Nikamwuliza swali moja: wewe Jumapili unacheza mpira pale Woodley, ukiingia uwanjani utamwachia nani? Akanyamaza. Alikuwa amefikiria majambazi, geti na barabara ya usiku. Mpira hakuufikiria, wala kiti cha kinyozi, wala kumbeba mtoto mabegani.

Habari za kuomba leseni zimeshasemwa sana. Mimi nataka habari za maisha yanayobaki. Jumamosi naenda kulenga shabaha Kirigiti, na asubuhi nyingine naendesha baiskeli msituni Karura. Karura siendi nayo. Ukianguka na baiskeli ukiwa na chuma kiunoni, ni nyonga yako itakayoumia kwanza. Inabaki kwenye sefu, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Wenzangu mnafanyaje?

Jirani wa Umoja
Kuogelea, mkuu. Hapo ndipo penye kazi. Nipo nasoma.

Baba Mapacha
Umenikumbusha safari ya Mombasa. Watoto walikuwa wameahidiwa bahari tangu shule zifunguliwe. Mke wangu akaniambia waziwazi: ukienda nayo utakaa mchangani kama askari wa zamu, na watoto wataingia majini na nani? Nikaipeleka kituo cha polisi kabla ya kuondoka, ikaandikwa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, aina, namba na idadi ya risasi, nikapewa karatasi. Siku ya kuichukua, risasi zilihesabiwa moja moja juu ya kaunta, afisa anahesabu na mimi nahesabu.

Huko nilikula mahamri na mbaazi, nikalala mchana chini ya mnazi, sikugusa kiuno hata mara moja. Ile tabia ya kugusa kiuno kila ukiinuka kitini, mwenye bastola yeyote anaijua. Mwili wangu ulikuwa umesahau kupumzika kulivyo.

Kamau wa Gikomba
Hiyo ya kugusa kiuno ni kweli tupu. Na mwizi mwenye macho huiona kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mama Keki, South B
Kaka Mlenga, ulipotaja kumbeba mtoto mabegani niliweka simu chini. Nimeichukua tena, acha niseme.

Mimi kazi yangu ni kuoka keki za sherehe. Hii ilikuwa ruracio, sherehe ya mahari, ya mdogo wangu, nyumbani kwa wazazi upande wa Ruiru. Hema limefungwa uani, mbuzi wameshachinjwa, wageni wameshapokelewa na maneno ya wazee yamekwisha vizuri. Shemeji yangu, mume wa dada mkubwa, ana leseni. Ni mtu mwema na simvunjii heshima. Ila muziki ukipigwa hawezi kukaa.

Mugithi mnaujua: mnapanga foleni, kila mmoja anashika kiuno cha aliye mbele. Shangazi ndiye alikuwa nyuma yake. Hakutaka shangazi ashike chuma. Kwa hiyo akaichomoa, akaiviringisha ndani ya koti, koti akalitundika kwenye kiti, akaingia kwenye foleni.

Mimi nilikuwa nakata keki. Mtoto wa jirani, wa miaka mitano hivi, alikuwa chini ya meza yangu, kitambaa kimemfunika. Nilijua analamba sukari ya pambo. Nikainua kitambaa nimpe kipande. Ameishika kwa mikono miwili, mdomo wa bastola umelala tumboni kwake, vidole gumba vyote viwili viko kwenye kifyatulio kwa sababu kimoja hakikutosha nguvu. Vidole vyenyewe vina soda ya machungwa hadi kwenye kucha. Alikuwa anaminya. Niliona kucha zikigeuka nyeupe.

Sauti haikunitoka. Mama yangu alikuwa nyuma yangu na sinia la chapati. Hakupiga kelele. Aliweka sinia chini, akapiga magoti kwenye nyasi, na magoti yake ni mabovu, akasema kwa sauti ileile ya kila siku: "Wewe, mikono yako inanata. Nipe nikushikie, ukanawe, ule keki." Mtoto akatazama vidole vyake. Akampa.

Shemeji alipoitwa akatoa magazini, akavuta chuma cha juu nyuma, risasi ikaruka kutoka kwenye chemba, ikaanguka, ikabingiria hadi chini ya kiti cha mzee mmoja aliyekuwa anakunywa muratina. Ilikuwa imekokiwa. Kilichobaki kati ya yule mtoto na kaburi ni ugumu wa kifyatulio peke yake. Muziki haukusimama. Wengi waliokuwepo hawajui hadi leo.

Sasa shemeji akija kwangu namwuliza mlangoni, kabla ya salamu: iko wapi? Hanikasirikii. Ananijibu.

Jirani wa Umoja
Mungu amlinde huyo mama yako. Nimesoma nikiwa ndani ya matatu, nimepitiliza kituo.

Fundi Redio
Pole Mama Keki. Lakini wazazi wa mtoto walikuwa wapi? Mtoto wa miaka mitano hapekui makoti ya watu.

Mama Keki, South B
Fundi, mtoto wa miaka mitano anapekua kila kitu, ndiyo kazi yake. Aliyepewa cheti na serikali ni shemeji yangu. Mtoto hakupewa cheti.

Binti wa Eastleigh
Asante dada. Mama wa mtoto bila shaka alikuwa jikoni na wenzake, wanapika chakula cha haohao wanaocheza mugithi. Tusimwingize.

Fundi Redio
Sijamlaumu mtu, nimeuliza tu. Mimi naona angeiacha kwenye gari.

Mlenga wa Lang'ata
Gari si sefu, Fundi. Kwenye sherehe magari ndiyo huvunjwa kwanza, wezi wanajua wenyewe wako hemani. Ukijua utacheza, iache nyumbani. Na kama ni lazima uitoe kiunoni, unatoa magazini, unavuta nyuma, unaangalia chemba kwa jicho na unaingiza kidole kidogo kuhakikisha. Hata giza liwe jingi. Hapo ndipo inapotoka mkononi.

Simba wa Parklands
Mnaongea sana juu ya kuiacha nyumbani. Tarehe 21 Septemba 2013 ilikuwa Jumamosi ya starehe. Kule juu ya jengo la maduka la Westgate watoto walikuwa kwenye mashindano ya mapishi, wazazi wako kwenye kahawa na maduka. Magaidi wakavamia, watu 67 waliuawa. Waliowahi kuingia na kuwatoa watu kabla ya mambo kupangwa ni pamoja na raia wenye bastola zao. Binamu yangu alitolewa kupitia mlango wa nyuma na mtu wa shati la kawaida. Kama yule mtu angekuwa ameiacha kwenye sefu kwa sababu ni wikendi? Mimi naenda nayo kila mahali. Kanisani, sinema, kila mahali.

Baba Mapacha
Simba, hakuna anayewavunjia heshima wale watu. Waliingia mahali ambapo wengi wetu tungekimbia. Lakini siku hizohizo iliripotiwa kwamba askari waliokuwa upande mmoja walifyatuliana risasi wao kwa wao, na afisa wa polisi akafa. Hao walikuwa na mafunzo na sare. Wewe wa shati na bastola, anayeingia mlangoni akikuona mara ya kwanza atajuaje uko upande gani?

Simba wa Parklands
Hilo ni swali la mafunzo. Si sababu ya kuiacha.

Baba Mapacha
Basi tuulizane nani hapa amefanya hayo mafunzo hata mara moja tangu apate cheti.

Kamau wa Gikomba
Kimya.

Mzee wa Choma
Nimeona mnazunguka jambo lenyewe. Starehe ya Nairobi ni nyama na bia. Niko Kenyatta Market Jumamosi nyingi, ubao wa nyama, kachumbari, ugali, marafiki. Ninayo kiunoni, na bia mbili zinapita. Bia mbili si ulevi kwa mtu mzima aliyekula.

Binti wa Eastleigh
Mzee wangu, hapana. Hapana kabisa.

Mlenga wa Lang'ata
Mzee, kwa heshima zote. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inafanya kuwa kosa kulewa ukiwa na silaha. Utasema hujalewa, lakini atakayeamua hilo si wewe, na bia ya pili ndiyo huagiza ya tatu. Januari 2020, hapa Kilimani, dijei alipigwa risasi shingoni ndani ya klabu, muziki ukiwa kwenye spika. Risasi ile ilimwacha amepooza. Mimi kwangu sheria ni moja: siku ya bia ni siku ya sefu. Nyama unaweza kula na soda.

Mzee wa Choma
Nyama na soda, kijana?

Binti wa Eastleigh
Na stoney tangawizi, mzee. Inakata mafuta vizuri kuliko bia. Sisi huku Eastleigh tunakula mbuzi miaka yote bila bia na hakuna anayelala njaa.

Mzee wa Choma
Nimewasikia. Sijakubali, lakini nimewasikia. Ile ya mtoto chini ya meza imenikaa.

Uzi na Sindano, Ngong Road
Mimi ni mhasibu, ni mwanamke, na ninalenga shabaha kwa mchezo. Naona hapa wote mnaongea kana kwamba bastola ni ya majambazi peke yao. Kwangu ndiyo starehe yenyewe. Mashindano tunayopiga sisi, unaanza mikono ikiwa wazi, kipima muda kinalia, unatoka nyuma ya pipa hadi nyuma ya ukuta wa mbao, na kila risasi iliyokwenda pembeni ya katikati ya karatasi inakuongezea sekunde. Mwenye mbio na asiye na shabaha anashindwa na mama mwenye subira. Nimewaona vijana wakishangaa matokeo yakisomwa.

Starehe yangu ya pili ni kufuma kwa kulabu. Vitambaa, sweta za watoto, kofia. Mazoezi yakiisha, wenzangu wakiokota maganda ya risasi, mimi natoa uzi kwenye mkoba. Na nawaambia ukweli, kufuma ndiko kulikonirekebisha mkono. Uzi ukiuvuta kwa hasira, mshono unakaza na kulabu haipiti. Kifyatulio nacho ukikivuta kwa hasira, risasi inashuka chini kushoto kwa sisi tunaotumia mkono wa kulia. Kocha alinieleza hilo muda mrefu sikuelewa. Nilielewa nikiwa na kofia ya mtoto mapajani.

Jirani wa Umoja
Hii ya kufuma nimeipenda. Kofia unauza?

Uzi na Sindano, Ngong Road
Siuzi, natoa zawadi hospitalini kwa watoto njiti. Ukiwa na uzi uliobaki nitaupokea.

Mzee wa Ndege
Salamu zenu. Baba yangu aliwinda na bunduki ya marisau, kanga na kwale, wakati ambapo ilikuwa ruhusa. Uwindaji wa kujiburudisha ulipopigwa marufuku mwaka 1977, wengi wa rika lake walinuna hadi kufa kwao. Yeye aliendelea kuipaka mafuta ile bunduki jioni za Jumapili, bila kwenda popote. Alipofariki tuliipeleka polisi, maana cheti ni cha mtu, hakirithiwi na watoto pamoja na shamba. Ndugu zangu waliumia. Mimi nilijisikia mwepesi.

Lakini alichonifundisha sikukirudisha polisi. Kusimama bila kutikisika. Kutembea kwa ukingo wa kiatu kwanza. Kutazama kichaka kizima kabla ya kutazama ndege. Siku hizi Jumatano asubuhi naungana na watu wa Nature Kenya pale Makumbusho ya Nairobi, tunatoka na darubini. Wiki iliyopita chozi dume alikuja kwenye ua la mwarobaini pembeni ya sikio langu, rangi ya kifua inabadilika kila akigeuka, kijani, zambarau, kijani tena. Vijana waliokuja wapya walipiga hatua, akaondoka. Nikawaambia, simameni, atarudi. Alirudi.

Si lazima ufike mbali. Simama hata mzunguko wa Nyayo uwatazame wale makorongo juu ya migunga wakati wa foleni ya jioni.

Simba wa Parklands
Mzee, mimi nina leseni na sijawahi kushika darubini. Jumatano ni saa ngapi?

Mzee wa Ndege
Njoo mapema kabla ya jua kukaza, uulize pale langoni. Hiyo nyingine iache nyumbani, utapanda na kuinama sana.

Simba wa Parklands
Hapo tena mmenikamata. Sawa. Siku hiyo moja.

Mpwa wa Lang'ata
Wazee, mimi ndiye mpwa. Mjomba amenitumia niwasome. Nimeamua mpira wa Woodley siendi nayo. Sasa sefu. Muuzaji anataka kunipa ile ndogo ya kubeba, anasema naiweka kabatini nguo ziifunike. Inatosha?

Kamau wa Gikomba
Fuga mbwa wawili wakali, achana na sefu.

Fundi Redio
Mbwa hatunzi ufunguo. Kijana, weka bastola chumba kimoja na risasi chumba kingine, usiku wa manane utajua mwenyewe.

Baba Mapacha
Ukiwa na watoto nyumbani fanya hivyo hasa, Fundi asikucheke. Risasi mbali, ufunguo mbali.

Mlenga wa Lang'ata
Mpwa, sefu ya kubebwa na mtu mmoja itabebwa na mtu mmoja. Chukua nzito, uifunge ukutani kwa bolti nne za kupanuka, nati zikazwe kutoka ndani ya sefu ili aliye nje asizifikie. Ukuta wa jiwe la Ndarugu unashika vizuri, ule wa matofali yenye mashimo unavunjika ukigongwa. Fundi wa kutoboa mwambie ni sefu ya hati za shamba. Na kabla hajaja, nitumie picha ya huo ukuta.