Kushusha nyuma ya V-Strom 650: nikate wapi, nisikate wapi?

PindoLaChuga aliandika:

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Arusha, na tangu mwezi wa tatu nina Suzuki V-Strom 650 ya 2012, mtumba. Nimejipima kwa futikamba ya kazini: urefu sm 160, mguu kwa ndani sm 73. Siti ya pikipiki iko sm 83.5 kutoka chini. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anaiona ilivyokaa.

Ikishatembea sina shida nayo kabisa. Shida ni kusimama. Juzi kati nilikuwa natoka Dodoma, nikaingia sheli Kondoa kujaza mafuta. Pale niliposimama pana kokoto na mteremko kidogo upande wa kulia. Nikashusha mguu wa kulia, ukatafuta ardhi, haukuipata. Hii pikipiki ina kilo 214 bila mzigo, na mimi nilikuwa na maboksi mawili yamejaa vitenge vya wateja. Ikalala polepole kama ng'ombe aliyeshiba, mimi nimebaki nimeshika usukani. Bodaboda wanne wakaja kuinyanyua, wa tano alikuwa anarekodi. Mkono wa breki ulikatika.

Nilipofika nyumbani nikalegeza springi ya nyuma hadi mwisho kwa kile kitasa chake. Nikikaa inashuka kweli, lakini tuta la kwanza tu nikiwa na mzigo, chini ikalia GWA, meno yakagongana. Fundi mmoja ananiambia tukate springi koili moja, elfu thelathini, kazi imeisha. Sasa mimi nguo ya mtu siikati kabla sijaigeuza nikaiangalia ndani, ndiyo maana nimekuja kuuliza. Aliyewahi kushusha anisaidie.

MzeeWaGrisi alijibu:

Pole dada. Springi usikate. Ikipungua koili inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa, na ile ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikombe chake. Huyo fundi mwambie akate ya kwake.

Kuhusu kulegeza: hujapunguza urefu wa pikipiki, umekula nafasi ya shokapu. Ukikaa tu inakuwa imeshazama sana, kwa hiyo tuta linapokuja haina pa kwenda. Rudisha kitasa, na ukibeba mzigo kaza zaidi.

Kinachobadilishwa ni linki. Lala chini uchungulie nyuma ya injini, utaona vyuma viwili bapa, kimoja kila upande, vimeshika kile kipande kinachobeba mguu wa shokapu. Kwa V-Strom, vyuma hivyo vikiwa virefu nyuma inashuka. Pikipiki nyingine ni kinyume, kwa hiyo usiazime za jirani. Tofauti ya milimita chache pale inakuwa kubwa ikifika kwenye tairi. Nunua zilizotengenezwa kwa pikipiki yako, za kushusha sm 2.5. Kuna za zaidi ya hapo, ila kwa matuta yetu na hayo maboksi yako, tairi litaanza kulamba madigadi ya ndani.

KijengeBoy alijibu:

Za kununua ghali, nenda kwa fundi mchongaji akukatie bati nene atoboe matundu mawili. Nilifanya hivyo.

MzeeWaGrisi alijibu:

Na zilidumu muda gani?

KijengeBoy alijibu:

Miezi minne mkuu 😂 Nyuma ilianza kuyumba kwenye kona, nilivyofungua tundu moja limekuwa kama yai. Bolti nalo limeliwa. Sawa, nimeelewa, dada nunua.

GiaYaSita_Moshi alijibu:

Mwenzangu mimi nina sm 157 na sijagusa linki. Nilianza na siti. Nilimpelekea fundi wa viti, nikamwambia asipunguze katikati ninapokalia, apunguze sponji pembeni kwa mbele, pale mapaja yanapopita. Siti pana ndiyo inayotupanua miguu, halafu tunalaumu urefu. Wewe una mkasi na cherehani, hiyo kazi unaifanya mwenyewe jioni moja.

Halafu jifunze kusimamia mguu mmoja. Kabla hujasimama angalia ardhi imelalia wapi, sogeza kalio nje ya siti kidogo upande wa juu, mguu huo unafika wote. Pale Kondoa ungeshusha wa kushoto.

PindoLaChuga aliandika:

Asanteni sana. Siti naanza nayo kesho, nimejiona mjinga kutoifikiria. Ila bado nataka na linki, maana nikibeba mtu sina pa kusogeza kalio.

Mzee, swali moja. Gauni ukilipandisha pindo la nyuma peke yake, mbele linaning'inia na mvaaji anatembea vibaya. Hii nayo si itakuwa hivyohivyo?

MzeeWaGrisi alijibu:

Umeuliza kifundi. Ndivyo. Ukishusha nyuma peke yake usukani unalala, pikipiki inakuwa mvivu kukata kona na mbele inakuwa nyepesi, na kwa mzigo wa nyuma ndiyo zaidi. Legeza vibano vya shokapu za mbele, upandishe mabomba yake mm 15 hivi ndani ya vibano ili mbele nayo ishuke, yote mawili sawa kabisa. Kisha watu wawili wakandamize mbele kwa nguvu, uangalie madigadi isifike kwenye rejeta.

Cheni ipime upya, kwa sababu ule mkono wa nyuma unaoshika tairi umebadilisha pembe. Taa kubwa nayo itaangalia juu, ishushe, usije ukapofusha wenye malori.

Stendi ya pembeni ndiyo watu wanaisahau. Pikipiki ikishuka na stendi ikabaki ndefu, inasimama wima mno, upepo tu unaiangusha kulia. Itakatwa na kuchomelewa, ila BAADA ya kushusha, na kidogo kidogo.

PindoLaChuga aliandika:

Wakuu narudi na majibu. Linki zilichukua wiki tano kufika. Tumefunga Jumamosi mimi na mdogo wangu, pikipiki ikiwa kwenye stendi ya katikati na kabari chini ya tairi ili bolti zisibebe uzito. Bolti ya pili iligoma hadi tukaipaka mafuta na kwenda kula.

Ndani nilikuta beringi ambazo ni vijiti vyembamba vimepangwa duara. Mdogo wangu anasema zinaitwa beringi za sindano, nikacheka peke yangu. Grisi ilikuwa imekauka kama unga wa muhogo, sindano mbili zina kutu. Nimebadilisha beringi hiyo, nyingine nimeosha na kupaka grisi mpya, tukakaza kwa spana ya kipimo kama kitabu kinavyosema.

Nyuma imeshuka sm 2.4 kwa futikamba yangu. Mbele tumepandisha mabomba mm 15. Siti nimepunguza sponji sm 2 kila upande, nikashona kifuniko upya kwa uzi wa nailoni. Zamani niligusa kwa ncha za vidole, sasa nusu nzima ya mbele ya unyayo iko chini, miguu yote miwili. Stendi imekatwa mara mbili, ya kwanza nilikata kidogo mno kwa uoga.

Jana nimeenda Babati na kurudi na mdogo wangu nyuma. Matuta ya Makuyuni nimeyahesabu kwa masikio, hakuna GWA.

Kilichobaki ni stendi ya katikati. Kuipandisha sasa kunahitaji mwanaume na nusu. Nimepata dawa: kipande cha mbao cha sm 2 nyuma ya tairi, narudisha pikipiki ipande juu yake, ndipo nakanyaga stendi. Mbao ile inakaa kwenye boksi la kushoto, chini ya vitenge.