Namba ya DAP kwenye skana ya meno ndo dozi ya mgonjwa?

Swali: Wakuu, nikishapiga picha ya 3D mashine inaniletea namba ya DAP tu, sasa mgonjwa akiuliza kapata mionzi kiasi gani nimtajie hiyo hiyo au?

Jibu: Hapana mkuu, hiyo ni dozi mara eneo la miale, haijui miale imepita kwenye tezi za mate au wapi. Dozi yenyewe ya mgonjwa inatajwa kwa maikrosiveti, wanaipata kwa kupachika vipande vya TLD (vidude vidogo vya kupimia mionzi) ndani ya kichwa cha sanamu halafu wanapiga hesabu kiungo kwa kiungo, kazi ya kuchosha kweli

Jibu: Na skrini usiiamini kichwakichwa, weka mita ya DAP kwenye mdomo wa tyubu ya eksirei ulinganishe. Yetu ilikuwa inadanganya!

Muulizaji: Duh. Nikipunguza eneo la picha je?

Jibu: Dozi inashuka vizuri tu, jino moja unafungulia taya zote mbili za nini