Mrejesho: filamu yetu imeonyeshwa tamashani
Niliwaomba ushauri kuhusu kuwasilisha tamashani filamu yangu huru ya hali halisi, inayohusu haki za wapenzi wa jinsia moja, bila kuwahatarisha waliohojiwa. Kama mlivyoshauri, kila mhojiwa aliitazama sehemu yake na kuridhia kwa maandishi kabla ya nakala ya mwisho kutumwa; mmoja aliyeingiwa na hofu tulimficha uso na kumbadilishia sauti, ingawa mahojiano yake ndiyo yenye uzito kuliko yote. Waandaaji walipiga marufuku kamera ukumbini. Mama mmoja aliuliza kama wazazi wa wahojiwa wameiona. Nilimjibu kwamba baadhi wameiona, na mzazi mmoja aliomba aonyeshwe tena sehemu ya mwanawe. Sasa ninaituma kwenye tamasha la filamu la Berlin, Ujerumani, ambako tuzo ya Teddy imekuwa ikitolewa kwa filamu za aina hii tangu 1987.