Naomba ushauri: niendelee na chombo cha daraja C au nitafute kingine?

Wandugu, jambo kutoka Katuba, Lubumbashi. Nacheza No Man's Sky, gemu ya kusafiri anga za juu kwa chombo, na bado ninarukia chombo kile kile cha mwanzo, daraja C, la chini kabisa (juu yake kuna B, A na S). Nafasi za mizigo ni chache mno, nikitua sayari moja tu kimejaa.

Kwenye madini sina shida. Shaba naichimba, naiyeyusha, kila mbili zinatoa metali ya kromatiki moja. Kobalti naitoa mapangoni. Mdogo wangu ananicheka: mtu wa Katanga, hata kwenye gemu anachimba shaba na kobalti!

Kinachonikwamisha ni naniti, sarafu ya gemu ya kupandishia daraja la chombo. Kupanda kutoka C hadi B ni 10,000, B hadi A 25,000, A hadi S 50,000. Jumla 85,000, na ule ukungu wa kuvu ninaoukusanya na kuusafisha unatoa naniti moja kwa kila tano. Nitazeeka nao.

Sasa nafikiria kuokota vyombo vilivyoanguka, kuvitengeneza kidogo, kuvivunja kwenye kituo cha anga na kuuza vifaa vyake kwa naniti. Mnaofanya hivyo, inalipa kweli ukitoa gharama ya matengenezo? Na vile viongeza nafasi vinavyopatikana humo, niviweke kwenye hiki kizee au nivitunze mpaka nipate daraja A?

Misheni za kushirikiana msinishauri, tafadhali. Megabaiti ni ghali na umeme mtaani unakatika jioni, kwa hiyo nacheza bila intaneti, nashuka chomboni kila mara ili gemu ijihifadhi.