Boti za abiria Lamu: tuachane na 2-stroke au tubaki nazo?

Mwana wa Langoni: Jamani nauliza wenye boti na abiria pia. Petroli iko juu, nauli ya kuvuka Mokowe, bara, twagombana kila siku, mbona bado tumeng'ang'ania mashine ya Yamaha Enduro ya 2-stroke, ile ya kuchanganya oili, na 4-stroke yala mafuta kidogo? Ukigusa hapo watu wanawaka kama umetukana dini.

Fundi Plagi: Dini ya nini yakhe. Enduro naifungua papo hapo ndani ya boti, plagi napangusa, kabureta nasafisha, stata ikikatika nazungusha kamba kwenye gurudumu la juu navuta twaenda zetu. 4-stroke nzito, ina vali, ina oili yake ya kubadilisha. Ikizima usiku nje ya Manda utamuita nani?

Binti Shela: Na ile oili isiyoungua yaenda wapi? Majini, kwenye mikoko samaki wanapokulia. Honda watengeneza 4-stroke za boti tangu 1964, si kitu cha jana hicho. Tena msisingizie mashine, manahodha wa mjini wengi maji ndiyo hawayajui, wanakwama Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, maji yakipwa.

Nahodha 40: Hawajui maji nani?? Babangu kapita Mkanda kwa tanga na pondo kabla wewe hujazaliwa, mimi nimeshika usukani na yeye yuko hapo nyuma yangu aniambia fungu la mchanga liko wapi, leo wewe unakuja hapa kunifundisha kupwa na kujaa. Heshima dada.

Mbajuni wa Kizingitini: Dada kasema kweli. Nyie wa mjini mwatoka mmechelewa mkingojea abiria wajae halafu mwakimbizana na maji, sie tuko juu ya fungu na watoto jua la kichwa.

Nahodha 40: Abiria wa Faza na Kizingitini ndio wachelewaji, mizigo mpaka magodoro!

Mama Pate: Magodoro tumelipia. Laifjaketi mwazikalia nyie, na moshi wa hizo Enduro zenu nashuka kichwa chaniuma siku nzima.

Mwana wa Langoni: Turudi kwenye mashine jamani. Mashine ya boti ya Evinrude ilianza 1909, ilikuwa na watu wake walioapa hawagusi nyingine, na 2020 kampuni ikaacha kuitengeneza. Mapenzi yao hayakuizuia. Mimi nasema tupige hesabu ya mafuta kwanza, mtu aweke safari moja moja kwa mashine zote mbili, mzigo sawa.

Fundi Plagi: Hesabu weka na bei ya kununua 4-stroke mpya, na fundi wa kutoka Mombasa.

Nahodha 40: Hesabu baadaye. Binti Shela hajanijibu. Bamvua hii, siku za maji kupwa na kujaa sana, saa nne asubuhi maji yakiwa yamekauka, njoo jeti uniulize fungu lolote la Mkanda.

Mbajuni wa Kizingitini: Saa nne maji yamekauka utapita wapi wewe? Si ndiyo hayo tunayosema!