Naomba ushauri: mke wangu amegoma kuniamini kuhusu The Lady Eve

Wakuu habari zenu. Juzi usiku nilimwekea mke wangu The Lady Eve, ile filamu ya vichekesho ya 1941 ya Preston Sturges. Alicheka mpaka pale Barbara Stanwyck, tapeli wa karata aliyeachwa kwenye meli, anaporudi akijifanya bibi wa ukoo bora kutoka Uingereza. Nywele zilezile, sura ileile! Henry Fonda, yule aliyemwacha, anajikwaa kwenye kochi, anamwagiwa chakula, anabadilisha suti, bado hamtambui, na mwisho anamuoa. Mlinzi wake tu ndiye anayeng'ang'ania kwamba ni yuleyule.

Mke wangu akazima runinga. "Hakuna mwanaume mjinga hivyo." Nikamweleza kwamba jamaa anasema wamefanana mno, angekuwa ndiye yule tapeli si angejibadilisha? Akaniangalia tu.

Sasa nisaidieni. Nimshawishi vipi amalizie? Utamu wote uko mbele, kwenye treni ya fungate, bibi harusi anapoanza kuwataja wanaume wake wa zamani mmoja mmoja. Au nianze na nyingine ya enzi hizo, iliyo nyepesi kidogo? Tena mama mkwe anakuja Jumamosi, Kiingereza hakipandi, kutafsiri nitatafsiri mimi.